Albamu za taarab na dansi: ipi ununue, ipi uiache hukohuko dukani

Mwenzenu nimeliwa. Juzi nimepita Ngamiani, hapa Tanga, nikaingiziwa nyimbo kwenye flashi, elfu kumi na tano, kijana ananiambia mama humu kuna taarab yote ya Tanga na dansi lote la zamani, nikarudi zangu Chumbageni nina furaha kama mtoto wa sikukuu. Nimekaa na kahawa yangu, Bi Shakila anaimba, nangoja ubeti wa mwisho nilie kidogo, mara kap! Kaingia mtu mwingine kabisa. Nikadhani flashi mbovu. Wimbo wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo.

Sasa watu wakinunua albamu wanauliza zimo nyimbo ngapi. Mimi siku hizi nauliza kimoja tu, wimbo unaisha? Maana zile santuri ndogo za zamani upande mmoja ulikuwa unabeba dakika chache, wimbo mrefu unakatwa, sehemu ya kwanza huku, unageuza unapata sehemu ya pili, na kwenye dansi huko kwa pili ndo magitaa yanachemka, kuimba kumeshakwisha watu wamo uwanjani. Mvivu anayehamisha nyimbo kutoka santuri kuingiza kwenye CD au flashi anachukua upande mmoja basi. Yaani umealikwa, umepewa maji ya kunawa, umerudishwa nyumbani.

Kwangu mimi namba moja ni Zanzibara, mfululizo wa albamu zenye namba za kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, na sifichi, nazipendelea, shoga yangu anasema nina hisa kule. Mtu wa Tanga aanze na namba 10, taarab ya Mombasa na Tanga ya 1970 mpaka 1990. Nimeisikiliza jikoni mwanzo mwisho, hakuna kilichonikatikia. Halafu namba 3, dansi la miaka ya 60, enzi ambazo mji huu ulikuwa na bendi za Atomic na Jamhuri, na namba 4 ya Bi Kidude. Kinachoniudhi ni kile kijitabu cha ndani, Kifaransa na Kiingereza, nyimbo zetu, mafumbo yetu, halafu mimi ndo niombe mtoto wa dada anitafsirie!

Ya pili ni albamu ya Nyota, kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza, 1989, wamo Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, wetu hawa. Hapo ndo utaelewa Tanga ilifanya nini, Unguja wana orkestra kubwa na mavayolini yao, hawa wetu vikundi vidogo, gitaa, besi, wakatia mdundo wa dansi ndani ya taarab na pwani nzima ikafuata. Kuipata sasa ni mkononi kwa mtu, na bei inatajwa kwa paundi, kitu kimetoka hapa hatua mbili kutoka kwangu nikinunue kwa paundi, jamani.

Dansi tupu, tafuta Masika ya Mbaraka Mwinshehe, CD ya kampuni ya Dizim. Kwa mpya, Fusing the Roots ya Siti and the Band, 2018, udi na kanuni, vile vyombo vya nyuzi vya taarab, ndani ya miziki ya kisasa, nunua, ila usiipeleke kwenye kumtoa mwali, mashangazi watakaa chini.

Hizi za kushusha bure, haya, bando ni lako. Na CD zenye picha ya mnazi zimeandikwa Taarab Mchanganyiko bila jina la mwimbaji hata mmoja, ziache.

Nilirudi kwa yule kijana. Nikamwambia mwanangu, nyimbo zako haziishi. Ananiangalia, anasema, "Mama, ndo zilivyo, wazee walikuwa wanachoka."

Nikamwachia flashi yake nikaondoka. Nimefika barabara ya nane nakumbuka flashi ilikuwa yangu.