Polisi wa Gloucester na mpango wa "malaika": mlango uko wazi, njia ni fupi

Juni 2015, kituo cha polisi cha Gloucester, jimbo la Massachusetts, Marekani, kilianza kupokea waraibu wanaokuja wenyewe kuomba msaada. Ukisalimisha heroini na sindano, hushtakiwi. Mtu wa kujitolea, aitwaye malaika, hukaa nawe huku askari wakipiga simu kukutafutia kitanda cha matibabu siku hiyohiyo. Hapo wanastahili sifa tele, maana arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, haisubiri kesho. Mwaka wa kwanza walifika watu 376.

Udhaifu uko mbele: kusafisha mwili ni siku chache tu. Ukitoka bila methadoni au buprenofini, dawa za kutuliza uraibu wa heroini, mwili umeshapoteza uzoefu wa heroini, na kipimo ulichozoea zamani kinaua. Dai dawa hizo kabla ya kuruhusiwa, na nyumbani iwepo naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini.