Uzoefu wangu: nembo iliyotungwa kwa shanga kabla ya kuchorwa

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wa Kimaasai huku Longido. Tunatunga shanga: mikufu bapa ya shingoni, bangili, hereni, mikanda. Mzigo wetu mwingi unakwenda Arusha na Zanzibar. Kwa miaka kadhaa lebo yetu ilikuwa na moran anayeruka na mkuki wake chini ya mti, tuliyochorewa na duka la uchapaji ambalo sitalitaja. Yeyo (mama) mmoja hakuacha kuuliza, "Sisi tuko wapi hapo?" Alikuwa na haki. Shanga ni kazi ya wanawake, tangu kuchagua rangi hadi fundo la mwisho.

Safari hii tulimchukua mbunifu mwingine atuchoree nembo mpya, kijana wa Kimeru anayefanyia kazi zake Arusha. Bei ilikuwa shilingi 450,000, nusu mwanzo na nusu mwisho. Wenzetu wa vikundi vingine wananiuliza kama hela ile haikupotea, ndiyo maana naandika.

Siku ya kwanza hakufungua kompyuta. Alifika bomani, akasalimia "Takwenya", koko, yaani bibi zetu, wakamwitikia "Iko", akakaa nao kwenye ngozi penye mabakuli ya shanga, akaanza kuuliza. Kwa nini nyekundu inakaa na kijani? Kwa nini mstari mrefu wa rangi moja lazima ukatwe? Wakamweleza kwa zamu: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu inakotoka mvua, kijani ni majani ya malisho. Alijaza kurasa za daftari bila kuchora kitu.

Wiki ya pili akaleta michoro mitatu, na akina mama wakaichukua wakaanza kuitunga. Wa kwanza ulishindikana. Shanga ni punje; mkunjo mwembamba uliopendeza kwenye karatasi ulitoka kama ngazi. Wa pili ulitungika, lakini rangi zake zilikuwa zimelala. Wa tatu ulikuwa duara, kama mkufu ulioulaza chini ukautazama kutoka juu, nao ukakubali. Koko mmoja akaugeuzageuza mkononi, akasema, "Boma hili halina lango. Ng'ombe watapita wapi?"

Kweli. Enkang, yaani boma letu, ni duara lenye uzio wa miiba, na kila mwenye mji ana lango lake. Kijana akalikata duara mahali panne, lango moja kwa kila boma lililoanzisha kikundi. Mikato hiyohiyo ndiyo inayokata rangi isiwe ndefu mno, kama shanga zinavyotaka. Nembo ilipatikana pale, juu ya ngozi. Mimi nilinyamaza tu, machozi yananilenga.

Yaliyoniudhi nayo niyaseme. Alichelewa wiki tatu. Kisha akatupa picha ya kawaida tu, ambayo mchapaji aliikataa kwa sababu ukiikuza inavunjika. Tulimfuata siku nne ndipo akatoa faili linalokuzwa bila kuharibika, pamoja na nembo ya rangi moja kwa ajili ya muhuri. Na mkataba wake ulisema haki za mchoro zinabaki kwake. Tulipokataa, alibadilisha bila ubishi. Mkimwita, yaandikeni hayo yote kabla ya kulipa nusu ya kwanza.

Hilo la haki lisiachwe hivihivi. Jina na mavazi ya Wamaasai yameuzwa sana na watu wa mbali. Louis Vuitton iliweka miraba kama ya shuka zetu kwenye mavazi yake ya kiume ya mwaka 2012. Kwa hiyo tumeomba usajili wa nembo BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, daraja la 14, la vito. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, baada ya hapo unahuishwa kila miaka 10. Ila hauvuki bahari: Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, na ombi lake ni la peke yake.

Kazi yenyewe naipa alama nzuri, na tukihitaji tena tutamwita yeye. Lebo mpya zimeshafungwa kwenye mzigo wa mwezi huu. Ombi la Zanzibar tunalichangia sasa, kila mama bangili mbili.