Ukara kwa siku moja: nenda siku za giza

Kama unapanga kwenda Ukara, kisiwa kilichomo Ziwa Victoria, na kurudi siku hiyohiyo, angalia mwezi kwanza. Kisiwa hiki kinaishi kwa dagaa, na dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika na mitumbwi inapandishwa ufukweni. Utakuta nyavu zinashonwa, na hilo nalo lina raha yake, lakini mwalo wenyewe, yaani ufukwe wanakoshushia samaki, utakuwa umelala. Mimi nilienda siku za giza na sijutii hata kidogo.

Usijidanganye kwamba utatoka Mwanza, ufike Ukara, utembee na kurudi siku moja. Lala Nansio, mji wa kisiwa jirani cha Ukerewe, kisha alfajiri panda gari kwenda Bugolora. Hapo ndipo kivuko kinapovukia kwenda Bwisya, upande wa Ukara. Mimi nilivuka kwa MV Ukara II pamoja na pikipiki, kreti za soda na akina mama waliokuwa na ndoo tupu wakienda kununua dagaa. Ziwa lilikuwa tulivu na nilipata pa kukaa.

Ukishuka Bwisya, usikimbilie bodaboda. Nenda kwanza kwenye makaburi na mnara wa kumbukumbu wa MV Nyerere. Kile kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kilipinduka kikiwa kimejaa kupita kiasi, karibu kabisa na gati la hapohapo Bwisya, na watu zaidi ya 200 wakafa. Nilisoma habari zile wakati ule kama kila mtu. Kusimama pale na kuona jinsi maji ya ajali yalivyo karibu na nchi kavu ni jambo jingine kabisa. Vua kofia, omba dua yako, na usipige picha za mbwembwe.

Mwaloni ndipo nilipomaliza muda wangu mwingi. Wavuvi walikuwa wamesharudi, wengine wamelala chini ya miti na taa zao za sola zimepangwa pembeni. Kazi ilikuwa imehamia kwa akina mama. Dagaa wametandazwa hadi ufukwe unang'aa, watoto wanafukuza yangeyange, na kila baada ya muda mama mmoja anapita akiwageuza. Nilimsogelea aliyekuwa na sado mkononi.

"Shikamoo mama. Dagaa bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Wa mchanga au wa kichanja?"

Nikamwambia sijui tofauti. Akachukua dagaa mmoja kutoka chini na mwingine kutoka kwenye kichanja cha nyavu, akanipa nitafune. Wa kwanza alinikwaruza meno, wa pili alikuwa msafi na mkavu hadi kichwani. Akanieleza kwamba mvua ikinyesha, wa chini wanaoza na hasara ni yake, lakini mbao na nyavu za kichanja zinahitaji mtaji. Nilinunua wa kichanja. Bei iko juu kidogo, ila ukishaiona kazi ile huwezi kulalamika. Tafadhali nunueni hukohuko, hela imfikie aliyewaanika.

Ukipata muda panda kidogo kuelekea katikati ya kisiwa. Wakara wanasifika tangu zamani kwa kilimo cha samadi: ng'ombe hufungwa na kuletewa majani, na mbolea yake inarudishwa shambani. Ardhi ni ndogo na watu ni wengi, kwa hiyo hutaona kipande kilichoachwa hivihivi.

Chakula ni sato na ugali wa muhogo, kimepikwa vizuri, lakini agiza mapema kwa sababu mama ntilie niliyekula kwake anaanza kupika ukishafika. Pungufu niliyoiona ni vivuli na vyoo vya wageni. Beba kofia na maji, na uwe na hela taslimu ndogondogo. Kwa wavuvi na wachuuzi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mimi mmoja alinikatalia, na ni haki yake.

Ratiba ya kurudi waulize wahudumu wa kivuko mara tu unaposhuka Bwisya. Nyota tano kwangu, na safari ijayo nitalala hukohuko, maana nataka kuziona zile taa zikiwa ziwani usiku.