Hadubini ya kutazamia seli hai: tathmini yangu baada ya miezi minane

Kiini cha seli hakina rangi ya zambarau. Nimekipaka zambarau kwa miaka kumi na mmoja katika michoro ya vitabu vya sayansi vya watoto, na safari moja nilipokiacha bila rangi, mhariri alinirudishia kazi akisema watoto hawatakitambua. Zambarau ile ni ya dawa ya kutia rangi. Hematoksilini hushika kiini, eosini huipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi, na kwa kawaida seli huuawa kwanza kwa kemikali ndipo zitiwe dawa hizo. Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nachora seli zilizokufa, halafu pembeni naandika maelezo ya namna zinavyoishi.

Jambo hilo lilinikera mpaka nikanunua hadubini yangu mwenyewe. Chapa yake siitaji, kwa sababu hadubini za aina hii hufanana sana hata zikiwa na majina tofauti. Nitaeleza ina nini, ili anayetafuta ajue cha kuulizia.

Ina lenzi mbili za kutazamia, kwa macho yote mawili, na taa ya LED chini. Lenzi za upande wa slaidi ni nne: mara 4, mara 10, mara 40 na mara 100, hiyo ya mwisho ikitumia mafuta. Kinachoitenga na hadubini za kawaida za shuleni ni sahani ya kuzungusha iliyo chini ya meza ya slaidi. Sahani hiyo ina pete za kontrasti ya fezi, yaani mbinu ya kuionyesha seli isiyo na rangi bila kuitia dawa, na nafasi moja yenye kizibo cha katikati kinachofanya kiumbe ang'ae juu ya weusi mtupu. Kama huna uwezo wa kupata kila kitu, pata sahani hiyo. Mengine yanaweza kusubiri.

Sababu ni kwamba seli nyingi zikiwa hai ni angavu. Mwanga huzipenya na kutokea upande wa pili ukiwa na nguvu karibu ileile, na jicho haliambulii ila mistari hafifu. Hata hivyo mwanga uliopita ndani ya seli huwa umechelewa kidogo kuliko ule uliopita kwenye maji matupu. Macho yetu hayaoni kuchelewa. Frits Zernike, mwanafizikia wa Uholanzi, alipata njia ya kukugeuza kuchelewa huko kukawa tofauti ya mwanga na kivuli, na mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kazi hiyo. Pete moja hukaa chini ya slaidi, nyingine imo ndani ya lenzi. Zikilingana, seli hujitokeza yenyewe bila kupakwa chochote.

Kuzilinganisha kulinichukua jioni nne. Maelekezo yaliyokuja na boksi ni karatasi moja iliyokunjwa, na kuhusu pete imesema tu "zirekebishwe". Namna yenyewe ni hii: unachomoa lenzi moja ya jicho, unaweka mahali pake kile kidarubini kidogo kilichomo kwenye boksi, unaona pete nyeupe na pete nyeusi, kisha unazungusha skrubu mbili za pembeni mpaka nyeupe iingie yote ndani ya nyeusi. Ukishajua ni kazi ya dakika tatu. Aliyeandika karatasi ile angeongeza mistari mitano tu angeniokoa siku nne. Lenzi ya mara 40 nayo ilikuja na ukungu ndani, nikairudisha, na muuzaji akanitumia nyingine bila ubishi. Hilo namsifu.

Seli ya kwanza niliyoiona vizuri ilitoka ndani ya shavu langu. Seli za juu za shavu ziko mbioni kubanduka, ndiyo maana kijiti cha pamba kinazichukua kirahisi. Nilitegemea duara, kama lile ninalochora siku zote. Nikakuta kitu bapa, chenye pembe zisizo na mpango, ukingo mmoja umejikunja kama shuka lililovutwa upande, na kiini ni kijivu chenye punjepunje, hata katikati hakipo. Nilitoa penseli palepale.

Lakini aliyenifanya nisilale ni amiba, kiumbe wa seli moja. Nilimpata kwenye utelezi wa majani yaliyooza ndani ya mtungi wa maji ya dimbwi, siku ya sita tangu niuweke dirishani. Kwa muda mrefu alikuwa kidoa tu kisichofanya lolote. Kisha upande mmoja ukaanza kuvimba taratibu, ukingo ukawa mwangavu kama kioo kilichooshwa, na chembechembe za ndani zikaanza kukimbilia kule. Zilikuwa zinapita katikati kwa kasi, kama maji kwenye mfereji, zikifika mbele zinatawanyika kushoto na kulia, halafu zinaganda kwenye kingo na kutulia. Nyuma ukuta uleule uliokuwa umeganda unalainika na kuingia tena mferejini. Ina maana mwili wa yule amiba ni mwendo wenyewe. Sehemu niliyodhani ni ukuta, dakika chache baadaye ni mto. Nilikaa hapo mpaka shingo ikakataa.

Unamchoraje kiumbe kama huyo? Nimejaribu hivi: karatasi moja, penseli moja, kila baada ya sekunde kumi nachora ukingo wake juu ya ule wa mwanzo bila kufuta. Baada ya dakika mbili nina mistari kumi na miwili iliyopandana, na mtu yeyote akiitazama anaona mara moja kinakoelekea kitu kile. Hakuna hata mchoro mmoja wa vitabu vyangu uliowahi kufanya hivyo. Huu ndio mchango mkubwa wa hadubini hii katika kazi yangu, na kwa huo peke yake naihesabu imeshanilipa.

Paramesiamu, kiumbe mwingine wa seli moja, anahitaji mpangilio mwingine. Yeye ni mnene mno kwa kontrasti ya fezi. Anazungukwa na mwanga mkali unaomeza maelezo yote. Geuza sahani kwenye giza, naye anang'aa, vinyweleo vyake vikipiga mawimbi ubavuni. Ukitaka kuona ndani, rudi kwenye mwanga wa kawaida, nyonya maji pembeni mwa kioo cha juu kwa ncha ya karatasi laini mpaka abanike kidogo. Hapo utaona vifuko viwili vinavyotoa maji mwilini. Vijifereji kama miale ya nyota hujaa, kifuko katikati hukua kikawa duara kamili, halafu ghafla hakipo. Nilihesabu sekunde kumi na moja, kisha kumi na mbili, kisha kumi na moja. Ukisahau kumrudishia maji atapasuka, na ukiona mara moja hutarudia uzembe huo.

Taa ya LED inastahili sifa hapa, maana haichemshi tone. Hadubini niliyoazima zamani ilikuwa na balbu ya halojeni. Baada ya nusu saa maji yanakauka na viumbe wanapooza. Kwa hii nimemfuata mmoja kwa saa moja na nusu.

Sasa nionye juu ya maandishi ya kwenye boksi. Imeandikwa inakuza mara 2000. Hesabu ni ya kweli, kwa sababu kuna lenzi za jicho za mara 20, na 20 kwa 100 ni 2000. Faida yake haipo. Ernst Abbe, mwanafizikia wa Ujerumani, alishaonyesha mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe una kikomo: vitu viwili vikikaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi lake, yaani kama mikromita 0.2, vinaonekana kitu kimoja. Ukizidisha ukuzaji baada ya hapo unapanua ukungu. Wapo waliokipita kikomo hicho kwa mbinu za molekuli zinazong'aa, wakapewa Nobeli ya Kemia mwaka 2014, ila kwa mitambo ya maabara, si kwa lenzi ya jicho ya ziada. Zile za mara 20 zangu ziko kabatini. Zaidi ya nusu ya kazi yangu naifanya kwenye ukuzaji wa jumla wa mara 100 na mara 400, yaani lenzi ya slaidi ya mara 10 au 40 pamoja na lenzi za jicho za mara 10.

Kamera iliyokuja nayo ndiyo sehemu nisiyoipenda hata kidogo. Programu yake inakoleza kingo yenyewe, na hakuna mahali pa kuizuia. Kwenye picha ya chachu ilichora mstari mweusi maradufu kuzunguka kila seli, mstari ambao ukitazama kwa jicho haupo. Mtu asiyejua atadhani ni tabaka mbili za ukuta. Kontrasti ya fezi tayari ina mng'aro wake wa uongo kuzunguka seli, wa kueleweka na kusamehewa kwa kuwa sheria za mwanga ndizo zinazouleta. Kuongezewa uongo wa pili na mashine sikubali. Mwanga ukipunguzwa, video nayo inapata mistari inayopanda na kushuka. Natumia simu iliyoshikwa kwa kibano juu ya lenzi ya jicho, na inatoa picha za kweli zaidi.

Nalisisitiza hili kwa sababu picha ya seli hupita mikononi mwa mtu kabla haijatufikia. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft ambaye mwaka 1676 aliiandikia Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, kuhusu viumbe wadogo ndani ya maji, hakuwa mchoraji. Aliajiri watu wa kumchorea. Nawafikiria sana watu hao wakiinama kwenye kilenzi kidogo kuliko punje ya dengu. Ernst Haeckel, mwanabiolojia wa Ujerumani, kwenye michoro yake 100 iliyotolewa kati ya 1899 na 1904, alivinyoosha viumbe vya baharini vikawa na ulinganifu ambao maumbile hayaupati kila mara, na uzuri huo ukamvuta msanifu majengo René Binet hadi akajenga lango la Maonyesho ya Paris ya 1900 kwa mfano wa radiolaria, viumbe wa baharini wa seli moja wenye miiba. Lango lilipendeza. Bado mimi ningependa kumwona radiolaria aliyevunjika mwiba mmoja, kama walivyo wengi.

Zile picha maarufu za hadubini ya elektroni pia, virusi vyekundu na chavua za buluu, zimetoka mashineni bila rangi na zikapakwa baadaye. Sampuli zake kwa kawaida huwa zimekaushwa na kuwekwa kwenye ombwe, hazina uhai. Hakuna ubaya, mradi maelezo chini ya picha yaseme hivyo. Mara nyingi hayasemi.

Rangi inayotoka ndani ya seli hai yenyewe ipo, na hadubini hii haiwezi kuionyesha. Osamu Shimomura aliitenga protini inayong'aa kijani kutoka kwa yavuyavu, yule kiumbe wa baharini mlaini kama ute. Martin Chalfie na Roger Tsien wakaifanya chombo cha kuashiria sehemu za seli, na watatu hao wakatunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2008. Leo mtafiti anaweza kuunganisha protini hiyo na kitu kimoja ndani ya seli na kukifuatilia seli ikiendelea na maisha yake. Hata hivyo kijani hicho nacho ni chaguo la mtu: kinawaka alichokichagua yeye, vingine vyote vinabaki gizani. Kwa mbinu hiyo unahitaji taa maalumu na vichujio. Kabla ya kununua muulize muuzaji kama kiunzi kinakubali kuongezewa. Changu hakikubali, nami sikuuliza.

Kwa mwalimu anayetaka kuonyesha darasa zima ngozi ya kitunguu, hii ni zaidi ya anachohitaji. Achukue za kawaida zilizo imara, achukue tatu. Kwa mchoraji, mwanafunzi wa biolojia au mtu yeyote mwenye mtungi wa maji ya dimbwi na subira, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja imekwenda na kamera.

Mwezi huu nimeagiza lenzi ya fezi ya mara 20. Ndilo pengo ninalolihisi kila siku: kwenye mara 10 amiba ni mdogo mno, na kwenye mara 40 anatoka nje ya uwanja kabla sijafika mstari wa saba.