Gustaf Gründgens: tuanze na M au na Faust?

Anayetaka kumjua Gustaf Gründgens, mwigizaji na kiongozi wa majumba ya michezo ya Ujerumani aliyefariki mwaka 1963, huambiwa achague kati ya filamu mbili, M ya 1931 na Faust ya 1960. Kwa wepesi wa kufuatilia, M inashinda, ingawa yeye, akiwa mkuu wa wahalifu aliyevaa koti la ngozi, haonekani kwa muda mrefu. Faust, iliyotokana na onyesho la jukwaani Hamburg, inadai subira na masikio yaliyozoea ushairi wa Goethe, mwandishi Mjerumani wa tamthilia hiyo. Lakini humo ndimo Mephisto wake, yaani shetani wa hadithi hiyo, mwenye uso uliopakwa weupe, anapotawala kwa sauti, mikono na nyusi. Mpenzi wa sinema aanze na M; mwanafunzi wa uigizaji, nadhani, aivumilie Faust.