Kipimo cha choo kinacholetwa na posta: kichupa kizuri, kikomo cha kubishaniwa

Kipimo cha FIT, cha kuchunguza dalili za saratani ya utumbo mpana kwa sampuli ya choo, ni kidogo kiasi cha kupenya kwenye tundu la barua mlangoni. Huko England, NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, hukituma kila baada ya miaka 2 kwa watu wa miaka 50 hadi 74 waliojiandikisha kwa daktari wa familia. Kinatafuta damu ya chooni isiyoonekana kwa macho, ambayo huenda inavuja kutoka kwenye saratani ya utumbo mpana au kwenye polipu, vile vinyama ambavyo baadhi hugeuka saratani vikiachwa kwa miaka mingi. Hakuna malipo wala miadi, na gharama ya kukirudisha imeshalipwa.

Matumizi yake ni mepesi, ila yana mitego. Andika kwanza tarehe kwenye lebo ya kichupa, kwani baada ya kumaliza wengi husahau. Tega chombo safi au tabaka kadhaa za karatasi ya chooni, choo kisiguse maji ya bakuli. Zungusha kifuniko, chomoa kijiti, kipitishe juu ya choo mpaka mifuo yote ya ncha yake ijae, kisha kirudishe na ubane kifuniko hadi usikie mlio. Usikifungue tena. Kimiminika kilicho ndani kinalinda himoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayopimwa, isioze, hivyo kikimwagika sampuli imeharibika.

Hapo kwenye mifuo ndipo wengi hukosea, wakidhani choo kikizidi majibu yatakuwa ya uhakika zaidi. Mashine inataka kipimo maalumu: katika vichupa vya aina ya OC-Sensor ni miligramu 10 tu ndani ya mililita 2 za kimiminika. Kinachobaki nje ya mifuo hupanguswa kijiti kinapopita kwenye shingo ya chupa, na ukirundika kupita kiasi hesabu inavurugika. Joto ni adui mwingine, maana huvunja himoglobini na kuyashusha majibu. Kichupa kisikae kwenye gari juani, kiposti mapema. Kikifika bila tarehe au kimechelewa, maabara hukikataa na kutuma kingine, na hapo wiki kadhaa zimeshapotea.

Ukikilinganisha na kilichotangulia, hiki kiko mbali mno. Kipimo cha zamani cha choo, kiitwacho guaiac, kilitaka sampuli 2 kutoka katika kila choo kwa mara 3 tofauti, na nyama nyekundu au vidonge vya vitamini C viliweza kukihadaa. FIT hutambua himoglobini ya binadamu peke yake, hivyo kula utakacho. Sampuli ni moja. Scotland ilihamia FIT mwaka 2017 na England mwaka 2019, na watu waliokuwa wakitupa bahasha walianza kuirudisha. Usikitegemee kwa vidonda vya tumbo, lakini. Damu inayotoka juu huwa imeshameng'enywa kabla ya kufika chini.

Sasa tuje kwenye lisiloandikwa juu ya kifurushi: kikomo. Mashine haitoi ndiyo au hapana, inatoa namba, mikrogramu za himoglobini kwa kila gramu ya choo, halafu wanaoendesha mpango wa uchunguzi katika kila nchi ndio wanaoamua namba gani iitwe chanya. England ilianza na 120, Scotland na 80. Denmark, iliyoanza mwaka 2014, ilichagua 20. Uholanzi ilianza mwaka huohuo kwa 15, lakini ndani ya miezi michache ikapandisha hadi 47, kwa kuwa walioshiriki na waliokutwa chanya walizidi makadirio na vitanda vya kolonoskopi, uchunguzi wa kuingiza kamera kwenye utumbo mpana, vikaelemewa. Utumbo wa Mdenishi hauna tofauti na wa Mwingereza. Kinachotofautiana ni idadi ya wataalamu wa kuingiza kamera hiyo, vyumba vyao, na foleni ambayo serikali iko tayari kuibeba. Denmark ilipunguza msongamano kwa kuwaalika watu kidogo kidogo kwa miaka 4, kwa kufuata mwezi wa kuzaliwa, na kwa maoni yetu njia hiyo ni ya haki kuliko kupandisha namba kimyakimya.

Kwa hiyo jibu la kwamba huhitaji vipimo zaidi, ambalo England huwapata watu takriban 98 katika kila 100, lina maana moja tu: siku ile damu haikuvuka kikomo. Polipu nyingi hazivuji kila siku, na nyingine hazivuji kabisa. Hata saratani kadhaa hupita. Ndiyo sababu ya kurudia kila miaka 2. Mwenye damu chooni, anayekonda bila sababu au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa amwone daktari, hata kama barua ya majibu mazuri imefika jana.

Jibu chanya nalo si saratani. Bawasiri tu inaweza kulisababisha. Hatua inayofuata ni mazungumzo na muuguzi maalumu, kisha dawa ya kuharisha ya kusafisha utumbo, kisha kolonoskopi. Wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu au vidonge vya madini ya chuma waseme mapema, maana huenda vikahitaji kusimamishwa kwanza, na zisizo za kukatisha bila ushauri ni hizo za damu.

Tungekipa alama kamili kama kingewafikia wote. Kifurushi hufuata anwani iliyo kwa daktari, hivyo aliyehama bila kubadilisha taarifa zake hapati kitu, na mitaa ya watu maskini bado hurudisha vichache kuliko mitaa ya wenye nacho. Marekani ilishusha umri wa kuanzia hadi miaka 45 katika mapendekezo yake ya mwaka 2021, kwa kuwa saratani hii inaongezeka kwa walio chini ya miaka 50. England bado inasubiri 50. Waliotimiza miaka 75 na kuendelea hawatumiwi tena wenyewe, ila wakipiga simu kuomba, hupewa kimoja kila baada ya miaka 2.