Filamu inaomba namba ya siri, tangazo lake linapita tu

Nimetumia huduma hii kwa miezi minne sasa. Ni ile ambayo kituo cha televisheni kinakuwekea vipindi vyake kwenye intaneti, ukikosa cha jana unakitazama leo. Kwa mambo mengi sina ugomvi nayo. Picha haikwami, vipindi vinapandishwa saa chache tu baada ya kurushwa hewani, na ina ule uungwana wa kukumbuka uliishia wapi. Ningeipa nyota nne bila kufikiri sana. Naipa mbili, na hizo mbili zilizopungua zimeliwa na matangazo ya biashara.

Sisemi wingi wake. Wingi nimeshauzoea, huduma ni ya bure na lazima mtu alipwe. Nasema aina yake, na mahali yanapowekwa.

Mara ya kwanza kushtuka ilikuwa Jumamosi mchana. Tulikuwa tunatazama shindano la kuimba, kipindi cha kila mtu nyumbani: mimi, mama watoto, kijana wetu wa miaka kumi na binti wa miaka sita. Mshiriki kasimama jukwaani, kafumba macho, bendi imeshaanza. Skrini ikawa giza. Pembeni pakaandikwa "Tangazo 1 kati ya 4". Kikatokea chumba chenye mwanga wa bluu, mtoto kalala, mguu wake umetoka nje ya shuka, na chini ya kitanda ukachomoza mkono mrefu wenye kucha nyeusi. Ulikuja taratibu, unapapasa, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nikawahi rimoti niruke mbele; skrini ikanionyesha duara lenye mstari, maana yake hairuhusiwi. Nikazima sauti. Sauti haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa mkono.

Lililofuata ni vijana wanarukaruka kwa furaha kwa sababu mkeka wao wa kubeti umetiki, na odi za ushindi zimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko sura zao. La tatu ni la bima, sina neno. La nne ni mkono tena.

Binti hakulia. Aliuliza tu kama chini ya kitanda chake kuna nafasi. Tangu siku hiyo analala amejikunja kama jongoo, miguu yote ndani ya shuka, hata joto liwe vipi.

Halafu kaka yake, kwa nia njema kabisa, akarudisha nyuma kidogo ili wimbo tuusikie tangu mwanzo. Kumbe ukirudi nyuma ukavuka alama ya mapumziko, mfumo unahesabu kwamba unadaiwa matangazo upya. Mkono ukaja mara ya tatu.

Jioni watoto walipolala niliitafuta filamu yenyewe, ile ya kutisha ambayo ule mkono ulikuwa tangazo lake. Ipo humohumo kwenye huduma, imepangwa daraja la miaka 18, na nilipobonyeza kuitazama nikaombwa namba ya siri yenye tarakimu nne, ile niliyoiweka mwenyewe siku ya kwanza nikijiona mzazi makini. Nilikaa pale nikaitazama ile skrini ya namba kwa muda. Filamu ya saa moja na nusu imefungiwa mlango, lakini zile sekunde 20 zilizochaguliwa kwa sababu ndizo zinazotisha kuliko zote zinaingia sebuleni Jumamosi mchana bila kubisha hodi. Hilo ndilo lalamiko langu lote. Mengine ni maelezo.

Kwenye televisheni ya kawaida, inayokwenda kwa ratiba, mlinzi ni saa. Uingereza mpaka ni saa 3 usiku: kabla ya hapo mambo yasiyofaa watoto hayaruhusiwi hewani. Kenya mpaka umesogezwa hadi saa 4 usiku. Unaweza kubishana na mpaka wenyewe, ila angalau upo, na mtu anayepanga matangazo ya saa 10 jioni anajua ni saa 10 jioni. Kipindi kikihamia kwenye intaneti kinaiacha saa nyuma. Kinatazamwa alfajiri, mchana, wakati wowote, na matangazo yaliyokuwamo siku kiliporushwa yanatolewa, yanapachikwa mengine mapya unapobonyeza wewe. Saa ikishaondoka, mlinzi aliyebaki ni namba ya siri, na huyo kapewa zamu kwenye mlango wa vipindi peke yake.

Nilitaka kujua matangazo yanafikaje kwetu, nikasoma nilichoweza. Ndani ya video kuna alama zinazoonyesha mapumziko yanaanza wapi. Programu inayocheza video ikikaribia alama, seva, yaani kompyuta ya huduma, inauliza: nani ananunua nafasi hii? Mara nyingi ni mnada, unaanza na kuisha kabla hujapepesa jicho. Katika swali hilo huwa zimo taarifa za kifaa, eneo lako kwa makadirio, na kinachojulikana kuhusu akaunti. Utaratibu unaotumika sana kwenye minada hiyo una nafasi pia ya kutaja aina ya kipindi na daraja lake la umri, na una mahali ambapo muuzaji anaweza kuorodhesha aina za matangazo asizozitaka: kamari, pombe na kadhalika. Kwa hiyo zana zipo. Lakini nafasi hizo si lazima zijazwe. Zisipojazwa, mnunuzi wa upande wa pili anachokiona ni runinga kubwa, siku ya Jumamosi, akaunti ya mwanamume mtu mzima. Hajui kuna mtoto wa miaka sita kajilaza mapajani mwa huyo mwanamume. Anamuuzia mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni mimi.

Nikajiambia basi tatizo ni historia yangu. Nikaingia kwenye mipangilio nikazima matangazo yanayolenga mtu binafsi. Kitufe kimefichwa vizuri, kiko chini ya "Faragha", kisha "Mapendeleo", kisha "Zaidi". Idadi ya matangazo haikupungua hata moja. Wala hawakuahidi ingepungua. Kilichobadilika ni kwamba sasa yalikuja ovyo. Wiki iliyofuata, katikati ya kipindi cha wanyama, likaja la dawa ya nguvu za kiume. Kijana wetu siku hizi anasoma kila kitu kilichoandikwa, hata karatasi ya maelekezo ya betri. Akalisoma kwa sauti safi, neno kwa neno, kisha akageuka: "Baba, nguvu zipi?" Mama yake akainuka kwenda jikoni kufuata kitu ambacho mpaka leo hajaniambia ni nini. Nilijibu kwamba ni za kunyanyulia vitu vizito.

Jaribio la pili lilikuwa wasifu wa watoto, yaani sehemu yao maalumu ndani ya akaunti, na hapa niwape haki yao, kwa sababu umetengenezwa vizuri. Unafungua ukiwa na rangi zake, hauna kamari, hauna pombe, matangazo ni ya midoli na penseli za rangi. Kwa katuni sina malalamiko. Kasoro ni kwamba shindano la kuimba halimo. Kipindi cha wanyama hakimo. Kile cha maswali na majibu ambacho bibi yao anakipenda kuliko sisi wote hakimo. Vyote vimeandikwa "burudani" au "makala", na wasifu wa watoto unapokea vilivyoandikwa "watoto" tu. Kipindi cha familia, kwa mpangilio wao, ni kipindi cha watu wazima ambacho watoto wamejipenyeza.

Nilidhani ni uzembe wa huduma hii peke yake, kumbe hesabu ya namna hiyo ni ya siku nyingi. Chukua Uingereza tena. Tangazo la kamari haliruhusiwi karibu na kipindi kinachovutia watoto kwa namna ya pekee, na kipimo chao ni fahirisi ya 120: uwiano wa watoto kati ya watazamaji uzidi uwiano wao katika jamii kwa asilimia 20. Sasa piga hesabu. Tuseme watoto ni mmoja kati ya kila watu watano. Kipindi kikitazamwa na watu 1,000,000, humo wakiwamo watoto 200,000, fahirisi ni 100 na kizuizi hakigusi. Watoto laki mbili wamekaa mbele ya skrini, lakini kwa kuwa wamekaa na baba, mama na bibi, kwenye hesabu wanapotea. Yaani kadiri familia inavyokaa pamoja ndivyo ulinzi unavyopungua. Angetazama binti peke yake na wenzake wa umri wake, wangemlinda.

Kuhusu sauti nitasema kidogo. Matangazo humu yanapiga kelele kuliko kipindi. Marekani walitunga sheria mwaka 2010 kuzuia jambo hilo hilo, ikaanza kutumika Desemba 2012, lakini ililenga vituo vya hewani, kebo na setilaiti. Huduma za intaneti hazikuwamo. Kwetu dawa ni rimoti.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilikuja haraka na lilikuwa la mashine, au la mtu anayeandika kama mashine: "Ndugu mteja, matangazo yetu huendana na mapendeleo yako." Nikauliza, mapendeleo ya nani? Kwenye kochi tuko wanne, watano bibi akija. Siku mbili baadaye akaja mhudumu mwingine, huyu mtu kweli, akaniomba jina la kipindi, tarehe, dakika ya mapumziko na picha ya skrini. Ilibidi usiku nikitazame kipindi upya, daftari mkononi, nasubiri mkono utokee nimpige picha. Haukutokea. Ulitokea usiku wa tatu, na nakiri niliruka.

Nilituma. Kila tangazo kumbe lina namba yake ya utambulisho, na ukiwapa tarehe na dakika wanaweza kulipata lilitoka kwa mnunuzi gani. Baada ya wiki mbili mhudumu yule akaandika kwamba lile la filamu limeondolewa kwenye kipindi hicho. Ni kweli, halijarudi. Niliuliza kama limeondolewa pia kwenye vipindi vingine vinavyofanana na hicho. Akasema kila kipindi kiripotiwe chenyewe. La kamari akasema halikuvunja kanuni. Hakunijibu nilipouliza kwa nini namba ya siri isitumike na kwa matangazo: kama nimeweka kikomo cha umri kwenye akaunti, basi tangazo la filamu ya miaka 18 lisije kabisa mpaka niingize zile tarakimu nne. Sioni ugumu wake. Daraja la filamu wanalo, namba yangu ya siri wanayo, na tangazo ni la kwao wenyewe, hapa hakuna hata mnada wa kusingizia.

Ukitaka kuitumia ukiwa na watoto, kinachosaidia kwa kweli ni kuwafungulia wasifu wao kwa katuni, na vile vya familia uvitazame wewe kwanza dakika kumi za mwanzo. Matangazo ya mwanzoni mara nyingi hurudiwa hadi mwisho wa kipindi, kwa hiyo ukiyaona mawili matatu umeshaonja chungu kizima. Usirudishe nyuma kuvuka alama. Na piga picha kila usilolipenda papo hapo; ukingoja kuja kulitafuta baadaye utakesha kama nilivyokesha. Kuna kifurushi cha kulipia kisicho na matangazo. Nimekitazama, nimekiacha. Sitaki kulipa ili nisitishiwe mtoto.

Kwa hiyo nyota mbili. Watumie namba ya siri kwa matangazo ya filamu zao, wazuie kamari kwenye vipindi vya familia, nitarudi kuongeza nyota mwenyewe bila kuombwa.

Kwa sasa tuna utaratibu wetu. Chini ya skrini, ukigusa rimoti, unaonekana mstari wa kipindi wenye vidoti vya njano, na kila kidoti ni mapumziko. Kijana ndiye mlinzi wa vidoti. Kimoja kikikaribia anasema "kinakuja", mimi nazima sauti, binti anavuta mto wa kochi anajifunika uso, na kaka yake anamhesabia matangazo kwa sauti mpaka yaishe. Jumamosi iliyopita yalikuja manne, yote ya sabuni. Alikaa chini ya mto mpaka la nne, na hakuna aliyemwambia.